Namna Nilivyomtembeza Shangazi Nyumba ya Karen Blixen Kuanzia Bustanini

Wageni wengi wanaofika katika Makumbusho ya Karen Blixen, nyumba ya zamani ya mwandishi huyo wa Denmark jijini Nairobi, hupanda moja kwa moja barazani, wakazunguka vyumba, kisha wakamalizia bustanini wakipiga picha na milima ya Ngong. Mimi nilimtembeza shangazi yangu kwa mpangilio wa kinyume: shamba na mitambo kwanza, jiko likafuata, na vyumba vya kulala na kulia chakula vikaja mwisho kabisa. Naandika namna tulivyofanya kwa sababu naamini kwamba mpangilio huo ndio uliotuwezesha kuielewa nyumba ile, na kwa sababu haugharimu chochote zaidi ya kumwomba mwelekezi mapema.

Shangazi anatoka Malindi, ambako ameendesha hoteli ya chakula kwa muda mrefu wa maisha yake, na magoti yake hayapendi ngazi. Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililolifikiria. Majumba mengi ya zamani yana ghorofa na ngazi nyembamba, lakini nyumba hii ni ya chini tu, kwa hiyo mtu mzima anaweza kuizunguka yote iwapo atapata mahali pa kupumzika katikati. Tulipanda matatu namba 24 kutoka katikati ya jiji, tukachagua asubuhi ya siku ya kazi ili tusikutane na msongamano wa mwisho wa juma, wakati ambapo uwanja wake wa nyasi hupendwa sana kwa sherehe za harusi. Nilimtahadharisha pia achukue kitambulisho chake, kwa kuwa raia hulipa kiingilio kilicho chini mno kuliko cha mgeni wa nje, na malipo yenyewe hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Anayekwenda na mzee asiyezoea mambo hayo ni afadhali ayamalize kabla ya kufika langoni, maana hakuna raha kumsimamisha mtu mzima juani huku ukihangaika na mtandao.

Mwelekezi tuliyepewa alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia shangazi, akamuuliza habari za safari, nami nikamweleza ombi letu: atuzungumzie kwa Kiswahili, na atuanzishe nje. Alitabasamu akasema kwamba kundi la wanafunzi lilikuwa limejaa ndani, hivyo ombi letu lilimfaa hata yeye.

Tulianza kwa kuitazama nyumba kutoka mbali. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, kwa mawe ya kijivu na paa la vigae, ikiwa na baraza pana zinazozuia jua lisiingie vyumbani. Karen Blixen na mumewe, Bror, waliofunga ndoa Mombasa mwezi wa Januari 1914, hawakuijenga. Waliinunua mwaka 1917 pamoja na shamba, wakati biashara ya kahawa ilipokuwa inaonekana kuwa na mustakabali mwema. Shangazi aliposikia Mombasa imetajwa alichangamka, akataka kujua kama arusi ilifanywa mjini au bandarini, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kumpeleka kwenye mitambo.

Mitambo hiyo ya kahawa imesimama miongoni mwa miti, imeshika kutu, na watalii wengi huipita wakidhani ni vyuma vilivyotupwa. Kwangu mimi, hapo ndipo ziara inapopaswa kuanza. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, lakini ni kama ekari 600 tu zilizopandwa kahawa. Sehemu nyingine ilikuwa msitu, malisho, na vishamba vya familia za Wakikuyu. Mwelekezi alitueleza kwamba ardhi ile iko juu mno kwa kahawa. Mbuni hutaka joto la wastani na mvua ya kutosha, na ukipandwa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, hivyo mwenye shamba hutumia fedha kwa muda mrefu bila kuvuna. Chini ya milima ya Ngong usiku huwa wa baridi, upepo hukausha udongo, na mvua ikichelewa maua hupukutika. Juu ya hayo yote, kiwanda cha shamba kiliteketea kwa moto mwaka 1923. Shangazi, ambaye hesabu ya faida na hasara ameizoea kuliko mtu yeyote ninayemjua, alimsikiliza kijana hadi mwisho, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, fedha za kuendelea alizitoa wapi?” Jibu ni kwamba shamba lilikuwa mali ya kampuni, Karen Coffee Company, ambayo wenye hisa zake wengi walikuwa jamaa za Karen Blixen huko Denmark, wao ndio waliokuwa wakituma fedha mwaka baada ya mwaka mpaka wakachoka.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi. Alitaka kujua familia zile za Wakikuyu zilikuwa zikilipwa nini. Hapa nilijitosa kumsaidia mwelekezi, kwa kuwa somo hilo nimelisoma kidogo. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1915, mlowezi aliweza kupewa ardhi kwa mkataba wa miaka 999, ilhali Mwafrika aliyekuwa akiishi hapo hakuwa na hati yoyote ya kumlinda. Sheria nyingine ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi katika shamba la mlowezi amfanyie kazi mwenye shamba kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na badala yake aruhusiwe kulima kipande na kufuga mifugo yake. Kwa hiyo wale walioitwa maskwota walikuwa wakilipia kwa jasho ruhusa ya kukaa katika nchi ambayo wazee wao waliijua kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa. Shangazi hakusema neno. Alikizungusha tu kidole hewani kuonyesha ukubwa wa mahali pale, akaniomba tukae kidogo.

Tulipumzika karibu na nyumba, penye meza iliyotengenezwa kwa jiwe la kusagia. Husimuliwa kwamba Karen Blixen, mwenye nyumba, alizoea kukaa kwenye meza ya namna hiyo akizungumza na wafanyakazi wake, akisikiliza mashauri na kupanga kazi. Kutoka pale ungeweza kuona milima ya Ngong bila kizuizi kama si miti iliyokua. Bustani yenyewe inapendeza: nyasi zimekatwa vizuri, kuna bogenvilia na miti mikubwa yenye kivuli, na zana za kale za kilimo zimewekwa hapa na pale. Sitaieleza zaidi, kwa sababu picha zake ziko kila mahali na karibu zote zinafanana.

Jiko liko katika jengo lake, mbali kidogo na nyumba kubwa, kama ilivyokuwa desturi katika nyumba nyingi za walowezi, ili moto, moshi na harufu visiwafikie waliokaa sebuleni. Ndani kuna jiko la chuma la kuni aina ya Dover, linalofanana na lile lililotumika enzi hizo, pamoja na vyombo vya kupikia. Shangazi aliingia mle kama mkaguzi. Aliinama akatazama mlango wa kuwekea kuni, akakadiria kwa macho ukubwa wa tanuri, kisha akampa mwelekezi somo ambalo nina hakika hakulitarajia: kwamba jiko la namna ile halina mahali pa kupunguzia moto haraka, hivyo mpishi hupunguza moto kwa kuhamisha sufuria, si kwa kugusa kuni, na kwamba kuoka mkate humo ni kazi ya mtu anayejua kupima joto kwa mkono wake mwenyewe. Kijana alitoa daftari akaandika.

Mpishi anayejulikana zaidi wa jiko hilo ni Kamante Gatura, mtoto wa Kikuyu aliyefika kwa mwenye nyumba akiwa na vidonda miguuni, akatibiwa, na baadaye akafundishwa mapishi ya Kizungu hadi akayamudu kwa ustadi. Msimamizi wa nyumba nzima alikuwa Farah Aden, Msomali, ambaye ndiye aliyeshika mambo mengi ya kila siku. Shangazi aliposikia kwamba mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alikula chakula katika nyumba ile, hakutaka kujua alivaa nini. Aliuliza chakula kilivukaje ule uwanja kutoka jikoni hadi mezani bila kupoa. Ni swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa na mgeni yeyote, na ni hapo nilipoona kwamba kuanza nje kumetufaa, kwa sababu tulipoingia katika chumba cha kulia na kuona meza imeandaliwa kwa sahani na glasi, tulikuwa tukiwaona watu waliozileta, si waliokaa tu.

Vyumba vyenyewe ni vya utulivu, vina mbao kutani na sakafuni, na milango mingine imezuiwa kwa kamba ili wageni wasiguse vitu. Kuna kabati za vitabu za Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mpenzi wa mwenye nyumba baada ya ndoa yake kuvunjika, na aliyefariki ndege yake ilipoanguka Voi mwezi wa Mei 1931. Kuna ngozi za simba na chui, kuna picha za watu wa shambani zinazotukumbusha kwamba Karen Blixen alikuwa pia mchoraji, na kuna nguo zilizovaliwa na waigizaji katika Out of Africa, filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 1985. Hapa mgeni anahitaji kuwa macho. Baadhi ya vitu ni vya nyumba hii tangu zamani, na vingine vimebaki kutokana na filamu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nilimwomba mwelekezi atuambie kwa kila chumba kipi ni kipi, naye alifanya hivyo bila kusita. Kwa maoni yangu, habari za mapenzi zimepewa nafasi kubwa kupita kiasi katika vyumba hivi, ilhali jambo lililoamua hatima ya nyumba lilikuwa deni.

Mwaka 1931 kampuni iliuza shamba, na mnunuzi akaligawa viwanja vya makazi. Huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen wenye ua ndefu na malango makubwa tunaoujua leo. Kabla ya kuondoka, mwenye nyumba alizungukia ofisi za serikali akiomba maskwota wake wapewe mahali pamoja badala ya kutawanywa, na hatimaye wakaruhusiwa kuhamia sehemu ya msitu wa Dagoretti. Samani zake alimuuzia Lady McMillan, yuleyule aliyejenga maktaba ya McMillan katikati ya jiji kwa kumkumbuka mumewe, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1931. Sehemu ya samani hizo ilipatikana tena baadaye, ikarudishwa katika vyumba tulivyokuwa tumesimama. Nyumba nayo ilipita mikononi mwa watu kadhaa hadi serikali ya Denmark ilipoinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru. Ikawa makumbusho mwaka 1986.

Kwa anayetaka kufuata njia yetu, maombi kwa mwelekezi ni mawili tu: aanzie kwenye mitambo ya kahawa, na asipite jikoni kwa haraka. Ukiwa na mzee, panga mapumziko baada ya bustani na kabla ya vyumba, maana ndani hakuna ruhusa ya kukalia viti. Shangazi alikwisha kuniambia kwamba akija tena Nairobi angependa kuiona maktaba ya McMillan, nami nimemwahidi.