Nilivyoutoa mkondo wa kale ndani ya bomba la maji taka

Mfereji wa Belezoni ulichimbwa karne ya 19 kuunganisha mto Tana na mto Ozi, pwani ya Kenya. Kidogo kidogo Tana ikauhama mkondo wake wa zamani, na leo inamwaga maji baharini Kipini. Nilitaka kujua ule mkondo ulioachwa ulikuwaje ulipokuwa hai. Sasa hivi ni bonde la nyasi tu, ng'ombe wanalisha.

Mtaalamu mmoja aliniambia nichimbe shimo kwa jembe nisome kuta zake. Hasira ya ushauri ule haijaniisha. Mita moja na nusu tu, maji yakaanza kuchuruzika. Kufumba na kufumbua ukuta umeporomoka na tabaka zote zimekorogeka kama uji. Vibarua wawili, siku nzima, bure.

Nikanunua bomba la maji taka, nikalinoa mdomo kwa tupa. Kuligongelea chini ni kazi ya dakika chache. Kulivuta ndiko balaa: mara mbili lilitoka tupu, tope limebaki ardhini. Mzee wa Kipokomo aliyekuwa akitutazama akasema, "Mwanangu, mrija ukiuziba juu kwa kidole, tembo halitoki." Tukajaza maji hadi juu, tukafunga kipande cha tairi ya ndani ya baiskeli, tukakaza kwa kamba, tukavuta. Likatoka limejaa! Nilipiga kelele hadi ng'ombe wakakimbia. Na uchore kwenye bomba mshale wa kuonyesha upande wa juu kabla hujalilaza.

Nililipasua kwa msumeno. Chini mchanga wa chembe kubwa unaometa ulanga, mchanga ambao maji ya pole hayawezi kuubeba. Juu yake, katika unene wa ukucha, ghafla mfinyanzi. Niliutafuna kidogo: haukukwaruza meno hata chembe. Hapo maji yalikuwa yametuama.

Kuna waliosema nipime umri kwa kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye mabaki ya viumbe. Kwa miaka 300 hivi iliyopita kaboni inatoa majibu mawili matatu kwa sampuli moja, na bei yake ni ya ng'ombe mzuri. Konokono ndio usiwaguse kabisa, magamba yao hubeba kaboni ya kale. Nilipima risasi-210 kwenye mfinyanzi, yaani risasi yenye mionzi inayoshuka kutoka hewani na kunaswa na tope. Hiyo hupungua nusu kila miaka 22 hivi. Nilipokaribia mpaka wa mchanga, ilikuwa imefifia karibu yote: tope lile lina zaidi ya miaka mia. Mto ulikuwa umeshaondoka.