Leo nimeseti tapeti mwenyewe

Wiki ya tatu hii injini inalia tak-tak-tak kama cherehani. Leo asubuhi, ikiwa bado ya baridi, nikasema liwalo na liwe. Nikafungua kifuniko cha valvu ili niseti tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma.

Nikazungusha kranki, ile shafti kuu ya injini, mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa na roka zake zote mbili zikawa zinachezacheza. Kitabu cha gari langu kinataka nafasi ya milimita 0.20 upande wa kuingiza hewa, 0.25 upande wa ekzosi.

Jamani, kupima si kazi. Kazi ni ile nati inayofunga skrubu ya kurekebishia nafasi!

Unapata nafasi sawasawa, unakaza nati, skrubu nayo inazunguka kidogo, nafasi imepotea.
Unalegeza.
Unaanza upya.

Valvu moja ya ekzosi nimeirudia mara sita (ya tano nilikuwa naongea nayo), mpaka nikajifunza kuishikilia skrubu kwa bisibisi huku spana ikikaza.

Halafu kile kibati chembamba cha kupimia kikapita kwa kukwama kidogo tu, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Vidole vilijua kabla yangu.

Nimewasha. Kimya! Haya, karibu kimya.

Mafundi wa nyumbani, nyie mnaikazaje hiyo nati bila skrubu kuhama?