Tahadhari ya mafuriko ikitoka, kiziwi anaipataje?

Masika ikikaribia huku Dar matangazo ni yale yale, wa mabondeni hameni, gari inapita na spika, msikitini wanatangaza, kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanarushiana voisi. Mdogo wangu ni kiziwi. Katika hayo yote hakuna hata moja linalomfikia, yeye anajua hali imechafuka akiona majirani wanatoa magodoro nje.

Nimekuwa nafatilia sana wenzetu wa nchi zingine wanafanyaje, na kiukweli Japani imenifikirisha. Kwenye tetemeko na tsunami ya Machi 2011, kwenye maeneo yaliyopigwa, watu wenye ulemavu walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya watu wengine. Na hiyo ni nchi yenye spika za tahadhari mpaka vijijini, ila spika kwa kiziwi ni ukimya tu, halafu waliookoka wakapelekwa kwenye kumbi za michezo za shule ambako kiti mwendo hakiingii chooni, wengine wakaona bora walale kwenye gari.

Sasa kuna mji mdogo unaitwa Urakawa, uko Hokkaido, pale kuna jumuiya ya watu wanaoishi na magonjwa ya akili inaitwa Bethel. Hawa miaka kadhaa kabla ya 2011 walikaa na wataalam wa DAISY, ule mfumo wa kimataifa wa vitabu vya sauti ulioanza kwa ajili ya wasioona, wakatengeneza mwongozo wao wenye maandishi, picha na sauti kwa pamoja. Picha ni za mitaa yao wenyewe, kona ile ile watakayokata, kilima kile kile watakachopanda. Wakajiwekea lengo la kufika mita 10 juu ya bahari ndani ya dakika 4 na wakafanya mazoezi tena na tena, na siku ilipofika walipanda wote salama. Watu ambao wengi wangesema hawa hawawezi kujiongoza!

Bangladesh nako, wilaya ya Gaibandha, mafuriko ni ya kila mwaka, vikundi vya watu wenye ulemavu vilishirikiana na mashirika ya ndani na ya nje wakaja na boti ya uokoaji yenye njia ya mteremko ya kupandishia kiti mwendo. Waliokaa kwenye meza ya kupanga ni wale wale watakaoipanda, na hapo ndipo mimi naona ushirikiano wa kimataifa una maana.

Maana makaratasi tunayo. Umoja wa Mataifa uliwauliza watu wenye ulemavu wa nchi 137 mwaka 2013, ni asilimia 20 tu walisema wanaweza kutoka mara moja bila shida maafa yakitokea. Ukaja mpango wa Sendai 2015, ule wa nchi zote wa kupunguza maafa, ukasema washirikishwe. Tanzania tumeridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na kifungu cha 11 kinazungumzia hayo hayo ya kulindwa wakati wa maafa. Kimbunga Hidaya Mei 2024 taarifa zilitoka mapema kabisa, lakini taarifa kutoka ni jambo moja na kumfikia asiyeona wa Mafia au kiziwi wa Kilwa ni jambo lingine.

Ningependa watu wa Urakawa na Gaibandha wakutane na CHAVITA, chama chetu cha viziwi, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, uso kwa uso, wenye ulemavu kwa wenye ulemavu, waonyeshane kazi, sio tu wataalam kukutana hotelini.

Huku mtaani hatujasubiri. Mwenyekiti katuambia tulete majina, tumeanza na nyumba za karibu na mto, kila jina tunaandika na jirani atakayekuja kumchukua. Mdogo wangu ndo katukumbusha kitu ambacho wote tulikuwa hatujakiwaza, kiziwi akilala hagongewi mlango, anaamshwa kwa kumulikwa tochi usoni au kutingishwa kitanda, kwahiyo huyo jirani lazima awe na ufunguo. Tumeongeza safu ya ufunguo kwenye daftari, na wazazi wengine bado wanasita kuutoa, tunaendelea kuongea nao.