Nywele nyeupe mgongoni mwa Zuhura

Farasi wangu Zuhura ana mabaka mawili meupe, moja kila upande wa kile kinundu shingo inapoishia na mgongo kuanza. Kila baka ukilifunika kwa kidole gumba halionekani. Hakuzaliwa nayo. Nilimtia mimi, kwa tandiko nililolipenda kwa sababu ngozi yake ilikuwa laini na mimi mwenyewe nilikaa raha juu yake. Mbele lilikuwa jembamba mno. Lilimbana miezi kadhaa, na nywele zilizoota pale zikatoka nyeupe mpaka leo.

Dalili zilikuwepo. Kila nikitokea na tandiko alilaza masikio nyuma na kugeuza shingo kama anataka kuniuma. Nikaambiwa huyo ni jeuri tu, nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko mabaka yenyewe.

Siku hizi naanza na mgongo. Nachukua waya laini, naukunja juu ya kinundu, nyuma kidogo ya mfupa wa bega, kisha nachora umbo lake kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo ninayokwenda nayo kutafuta tandiko. Nikilipata, nalijaribu bila kitambaa chochote chini, maana kitambaa huficha makosa. Napitisha mkono chini ya mito yake, ile miwili ya upande wa chini inayolala mgongoni, kutoka mbele hadi nyuma. Mkono ukibanwa mbele, ukapwaya katikati, ukabanwa tena nyuma, basi limekaa kama daraja, na uzito wangu wote utaangukia pembe nne. Silitaki, hata kama ni la bure. Nikishapanda, juu ya kinundu pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mfereji ulio katikati ya mito hiyo usiguse uti wa mgongo popote. Nyuma, tandiko lisivuke ubavu wa mwisho. Utaupapasa kwa vidole, na ukiufuata kwenda juu utajua mwisho wa sehemu inayoweza kubeba mtu.

Kutandika kwenyewe hakuna haraka. Nampiga brashi kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya mkanda wa tumbo inatosha kutoa kidonda. Nasimama kushoto kwake, naweka kitambaa mbele kidogo kuliko kinapotakiwa, halafu nakivuta nyuma ili nywele zilale zinakoelekea. Tandiko naliteremsha taratibu, silitupi. Usilisogeze mbele likapanda juu ya mfupa wa bega: mguu wa mbele ukinyooshwa, ncha ya juu ya mfupa ule hurudi nyuma, na inahitaji nafasi. Kisha nakiinua kitambaa kiingie kwenye mfereji, kisikaze juu ya kinundu.

Mkanda wa tumbo naufunga kwa awamu, tundu moja moja. Farasi wengi hujaza kifua wakihisi mkanda, kwa hiyo namtembeza hatua kadhaa, nakaza tena, halafu namvuta mguu mmoja mmoja wa mbele ili ngozi iliyojikunja nyuma ya kiwiko inyooke. Kabla ya kupanda nakagua mara ya mwisho. Nimewahi kumwona mtu akizunguka na tandiko lake mpaka chini ya tumbo la farasi, na farasi akatimua mbio nalo likining'inia.

Wengi wanadhani ukishapata tandiko sahihi umemaliza. Mgongo wa farasi hubadilika akinenepa, akipumzishwa, akizeeka, hata akifanya mazoezi vizuri na misuli ikajaa. Mimi huchora upya kila baada ya miezi michache na kulinganisha karatasi.

Jana nilipomvua Zuhura tandiko niliinama kuangalia jasho. Mgongo ulikuwa umelowa sawasawa pande zote mbili, na katikati mstari mmoja mkavu juu ya uti wa mgongo. Nilipapasa pale penye mabaka, nikabonyeza kidogo. Aliendelea kutafuna nyasi.