Siku yangu ya kuhesabu watoto wa mti mmoja

Saa kumi na moja alfajiri chai na mkate, saa moja niko ndani ya msitu wa Pando, karibu na Fish Lake, Utah, Marekani, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Julai, lakini koti silivui. (Pando ni Kilatini, "naenea". Hapa hakuna aliyepanda kitu.)

Mimi ni kibarua wa msimu: nahesabu machipukizi ya aspeni, mti wa nchi za baridi. Nazungusha kamba duara, napiga magoti, napima kwa futikamba, naandika yaliyoliwa ncha. Hadi saa nne nimemaliza viduara saba.

Saa nne na robo akaja mgeni na kamera. "Kijana, ule mti mkubwa uko wapi?"

Nikamwambia umo ndani yake. Akadhani namtania. Nikaeleza: mashina kama 47,000, hekta 43, mizizi ile ile, mti mmoja. Akatazama huku na huku. "Hii ni birchi. Ninayo nyumbani."

Asubuhi yangu ikaishia hapo. Nikamshikisha shina: gome la birchi nyeupe hubanduka kama karatasi, hili ni laini, lina weupe wa kijani, na ukilipapasa mkono unabaki na unga kama wa chaki. Macho meusi yale ni makovu ya matawi yaliyoanguka yenyewe. Nikamwonyesha jani, karibu mviringo, kikonyo kimebapa, ndiyo maana upepo kidogo tu linatetemeka na msitu wote unavuma kama mvua huku jua linawaka. Akasikiliza kwa makini, nikafurahi. Kisha: "Sawa, lakini ule wa kwanza, mama yao, ni upi?"

Hakuna! Mashina hufa, mizizi inabaki. Dakika arobaini. Akapiga picha shina nene kuliko yote, akaondoka ameridhika.

Mchana nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Bukoba ni saa tatu usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado wanakulipa kuhesabu miti, baba?"

Nikamweleza kwa sentensi moja. "Si mgomba huo!" akasema. "Mkubwa akianguka, watoto wanatoka pembeni."

Ila mgomba wa mama una mama wa kuulinda. Huku kulungu wanapenda machipukizi, na ng'ombe pia. Ndani ya uzio wa futi nane yananifika kifuani. Nje, wazee wanakufa bila wa kuwarithi, na shina la aspeni halidumu muda mrefu kama mberoshi: shina likianguka pengo linaonekana.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Magoti, mbu, hewa nyepesi, kiduara baada ya kiduara. Cha mwisho kilikuwa nje ya uzio. Nikahesabu sifuri. Nikadhani ni uchovu, nikapiga magoti tena, nikapekua majani makavu kwa vidole.

Nikaandika sifuri.