Mkeka Chini ya Mwembe

Tulitaka meza moja tu, karibu na jukwaa la tamasha, ya kuwasaidia watakaozidiwa na dawa za kulevya. Mwenye tamasha alinikatalia mara mbili. "Dada, ukiniwekea meza ya mateja hapa, wadhamini watanikimbia." Basi tukatandika mkeka nje ya geti, chini ya mwembe, tukaweka ndoo mbili za maji ya kunywa. Tulikuwa vijana watano wa Mwanga na Ujiji, Kigoma, mwaka 2018.

Niliyoyajua nilifundishwa na binamu yangu, aliyetumia unga miaka mingi Dar es Salaam kabla ya kuanza kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Hospitali ya Muhimbili, huduma iliyoanza pale mwaka 2011. Alishazika rafiki zake watatu. Wawili kati yao, aliniambia huku akilia, wenzao waliwaacha wamezima peke yao kwa kuogopa polisi.

Saa saba usiku vijana wawili walimburuta mwenzao, wakamlaza mkekani, wakageuka waondoke. Nikamdaka mmoja shati. Mgonjwa alikuwa akikoroma kwa kukatakata. Nilipommulika kwa simu, midomo ilikuwa ya zambarau. Mama muuza migebuka akaja mbio na kikombe cha maziwa. Nia yake ilikuwa njema kabisa, maana kwetu aliyekunywa sumu hunyweshwa maziwa. Lakini asiyejitambua hamezi, yanaingia mapafuni.

"Mama, naomba usimpe."

Tukamlaza ubavu, goti la juu tumelikunja, kichwa tumekirudisha nyuma kidogo. Nikaweka kiganja mbavuni mwake, nikahesabu. Pumzi 7 kwa dakika, na pungufu ya 12 tayari ni hatari. Besi ya jukwaani ilitikisa mkeka hadi ikawa vigumu kujua lipi ni pigo la spika na kipi ni kifua chake.

Tukamkimbiza kwa bajaji. Hospitalini muuguzi aliuliza mara tatu: "Amemeza nini?" Rafiki yake alikuwa kimya, macho kwa askari aliyesimama mlangoni. Sikumlaumu, hata leo simlaumu. Nikamnong'oneza, "Mdogo wangu, kama ni heroini au vile vidonge vya maumivu, tramado, ipo sindano ya naloksoni ya kumrudishia pumzi. Wasipojua watabahatisha."

Akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa pakiti ya tramado. Ilikuwa ya vidonge 10, vimebaki 3. "Na pombe kali," akasema.

Alfajiri mgonjwa alifumbua macho, akaomba maji.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa mwenye tamasha kuomba meza kwa mara ya tatu. Yule rafiki aliomba twende wote.