Kabla ya Nyasi: Jinsi Viwanja vya The Open Vinavyochaguliwa

Kila mwezi wa Julai, mashindano ya gofu ya The Open yanapokaribia, watangazaji hutueleza kwamba uwanja wa mwaka huo umechaguliwa kwa sababu ni kipimo halisi cha ustadi: upepo wake, bunka zake zenye kina (mitego ya mchanga), ardhi yake ngumu inayourusha mpira kusikotarajiwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kueleza uchaguzi wenyewe. Uingereza na Ireland zina viwanja vingi vya ufukweni vinavyoweza kumtoa jasho mchezaji yeyote duniani, ilhali vilivyomo katika zamu ya The Open, yaani vinavyopokezana kuwa mwenyeji, havizidi kumi. Kinachovitenganisha hivyo na vingine, kwa maoni yangu, kipo zaidi nje ya mipaka ya uwanja kuliko ndani yake: reli, barabara, vitanda vya hoteli, shamba la jirani la kuegesha magari, na mwenendo wa klabu yenyewe.

Kati ya mashindano makuu manne ya wanaume, moja halina suala hili kabisa. Masters huchezwa Augusta National, Georgia, na pamekuwa pale pale tangu mwaka 1934. Matatu yaliyobaki, yaani The Open, US Open na PGA Championship, huhama kila mwaka, na katika hayo matatu The Open ndilo lenye historia ndefu zaidi ya kuhama, nayo ilianza kwa sababu ya fedha.

Mashindano ya kwanza yalichezwa Prestwick, pwani ya magharibi ya Scotland, mwaka 1860, yakiwa na wachezaji 8 tu. Kwa miaka iliyofuata hayakwenda kwingine, kwa kuwa Prestwick ndiyo iliyokuwa na zawadi, mshipi wa ngozi wenye mapambo ya fedha. Tom Morris mdogo aliposhinda mara tatu mfululizo hadi mwaka 1870, mshipi ukawa mali yake kwa mujibu wa kanuni, na mwaka 1871 hapakuwa na mashindano kwa sababu hapakuwa na cha kushindania. Suluhisho lilikuwa klabu tatu kuchangia kikombe kipya: Prestwick, klabu ya St Andrews, na klabu ya waungwana wa Edinburgh iliyokuwa ikicheza Musselburgh. Kila moja ikatoa paundi 10, na kila moja ikapata zamu ya kuwa mwenyeji. Hakuna aliyekwenda kupima nyasi. Tena, klabu ya Edinburgh ilipohamia uwanja wake mpya wa Muirfield mwaka 1891, ilihama na mashindano, na Musselburgh ikapoteza zamu ambayo kumbe haikuwa mali ya uwanja bali ya wapangaji wake.

Prestwick iliandaa The Open mara 24, idadi ambayo ni St Andrews pekee iliyoipita, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1925. Habari ya siku ile inafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Macdonald Smith, mzaliwa wa Carnoustie aliyehamia Marekani, alianza raundi ya mwisho akiwa mbele ya Jim Barnes kwa mikwaju mitano. Kituo cha treni cha Prestwick kiko jirani kabisa na uwanja, na reli inapita kando ya shimo la kwanza, kiasi kwamba mtu alishuka behewani na baada ya hatua chache akawa amefika. Kiingilio hakikuwepo. Maelfu walimiminika kumwona mwana wa Scotland akishinda, hakuna aliyeweza kuwazuia, na Smith alilazimika kupiga mipira juu ya vichwa vya watu na kusubiri njia ipatikane katikati ya umati. Alimaliza kwa mikwaju 82, na Barnes akachukua kikombe. Mwaka uliofuata kiingilio kilianza kutozwa, na Prestwick haikupewa tena zamu. Uwanja ule bado upo na bado unachezwa, na wajuzi wanausifu. Kilichouondoa ni kwamba ulikuwa mwembamba mno kuubeba umati.

Tangu hapo hesabu ya umati haijawahi kutoka mezani. Carnoustie, ambao wengi huuona kuwa uwanja mgumu kuliko yote katika zamu, ulikaa bila The Open kutoka ushindi wa Tom Watson mwaka 1975 hadi mwaka 1999, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa uhaba wa malazi katika mji mdogo ule. Leo ukitazama shimo la 18 kwenye televisheni utaona hoteli kubwa nyuma yake, ambayo kusema kweli si jengo la kupendeza, nayo ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1999. Hoylake, kwenye klabu ya Royal Liverpool, palisubiri kutoka 1967 hadi 2006 kabla ya kupatikana ardhi ya kutosha kwa mahema, majukwaa na magari.

Kuhusu magari, kuna kisa ambacho sisi wa Nairobi tuna haki ya kukitaja. Seve Ballesteros alishinda Kenya Open uwanjani Muthaiga mwaka 1978, na mwaka uliofuata akaenda Royal Lytham na kushinda The Open yake ya kwanza. Katika raundi ya mwisho, kwenye shimo la 16, mpira wake wa kwanza ulikwenda kulia na kutua katikati ya magari ya watazamaji katika maegesho ya muda. Kanuni zilimruhusu kuusogeza bila adhabu, na akalimaliza shimo lile la mikwaju minne kwa mikwaju mitatu. Walimcheka na kumwita bingwa wa maegesho. Mimi huona kwamba yeye alitumia tu kile ambacho waandaaji wenyewe walikuwa wamekiingiza uwanjani.

Mfano ulio kamili zaidi wa jinsi uchaguzi huu unavyofanyika siku hizi ni Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini. The Open ilichezwa pale mwaka 1951, Max Faulkner akashinda, kisha ikaondoka kwa miaka 68. Miongo mitatu ya machafuko ya kisiasa yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 inatosha kueleza sehemu kubwa ya ukimya huo, lakini hata baada ya mapatano ya amani ya mwaka 1998 R&A, wasimamizi wa mashindano, hawakuharakisha. Hoja ilibadilika pale wachezaji wa eneo lile walipoanza kushinda mashindano makuu kwa kupokezana: Graeme McDowell na US Open mwaka 2010, Rory McIlroy na US Open mwaka 2011, na mwezi mmoja tu baadaye Darren Clarke na The Open yenyewe. Mwaka 2012 Irish Open ikapelekwa Portrush kama jaribio, ingawa hakuna aliyeliita hivyo hadharani, na tiketi za siku zote nne zikaisha. Walichokuwa wakikitazama wakubwa wa R&A wiki ile si McIlroy bali foleni ya magari na uwezo wa mji wa kitalii wenye barabara chache kupokea watu zaidi ya 100,000.

Uamuzi ulitangazwa mwaka 2014, ukiwa na sharti ambalo naliona la ajabu na la busara kwa pamoja. Ili uwanja ufae, ulipaswa kupoteza mashimo yake mawili ya mwisho. Shimo la 17 na la 18 la zamani yalikuwa kwenye ardhi tambarare, dhaifu kuliko mengine kimchezo lakini bora kabisa kwa mahema ya wageni, maduka na majukwaa. Msanifu Martin Ebert alichora mashimo mawili mapya, la 7 na la 8, katikati ya matuta ya mchanga, kwa kutumia ardhi iliyotoka kwenye uwanja wa pili wa klabu, uitwao Valley. Shimo la 17 la zamani lilikuwa na bunka kubwa ambalo wanachama walilipenda na kulipa jina, Big Nellie, na Ebert alitengeneza mfano wake kwenye shimo jipya la 7 ili wanachama wasione wamenyang'anywa kila kitu. Kituo cha treni cha mji nacho kikajengwa upya. Mwaka 2019 walifika watazamaji 237,750, McIlroy akaupeleka mpira wake wa kwanza nje ya mpaka na kulimaliza shimo la kwanza kwa mikwaju minane, na Shane Lowry akashinda mbele ya umati ulioimba hadi jioni. Mwaka 2025 The Open ilirudi pale, na safari hii Scottie Scheffler ndiye aliyeondoka na kikombe.

Tazama mpangilio wa mambo hapo. Uwanja uliosifiwa tangu zamani haukuchaguliwa mpaka siasa ilipotulia, mashujaa walipopatikana, umati ulipopimwa, na mashimo mawili yalipotolewa kafara. Mimi silalamiki, kwa sababu mashimo mapya ni bora kuliko ya zamani, lakini itakuwa si haki kusema nyasi ndizo zilizoamua.

Mwenendo wa klabu nao umekuwa kigezo cha wazi. Marekani ilikutana na suala hili mwaka 1990, PGA Championship ilipokuwa ikielekea Shoal Creek, Alabama, na mwanzilishi wa klabu akasema hadharani kwamba hawangelazimishwa kupokea wanachama Weusi. Wadhamini walianza kujitoa, klabu ikampokea mwanachama Mweusi kwa haraka, na waandaaji wakaweka kanuni kwamba klabu yenye ubaguzi haitapewa mashindano. Kwa wanawake, Scotland ilichelewa zaidi. Mwezi Mei 2016 wanachama wa Muirfield walipiga kura kuhusu kuwapokea wanawake, asilimia 64 wakaafiki, na kwa kuwa katiba yao ilidai theluthi mbili, hoja ikaanguka. R&A ilitangaza siku ile ile kwamba haitapeleka mashindano yake pale. Miezi kumi baadaye kura ilirudiwa na zaidi ya asilimia 80 wakaafiki. Ni kweli kwamba R&A yenyewe ilikuwa imewafungulia wanawake mlango mwaka 2014 tu, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kujigamba. Hata hivyo mwaka 2022 The Open ya wanawake ilichezwa Muirfield kwa mara ya kwanza, na aliyeshinda, baada ya mashimo manne ya nyongeza na giza likikaribia, alikuwa Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini. Kwangu huo ni mfano wa zamu ya mashindano kutumika kwa manufaa, kwa maana hakuna barua ya malalamiko ambayo ingeleta mabadiliko hayo ndani ya miezi kumi.

Turnberry, Scotland, ni kesi ngumu zaidi. Donald Trump aliununua uwanja huo mwaka 2014, akamwajiri Ebert yule yule, na ulipofunguliwa tena mwaka 2016 wengi walikiri kwamba umekuwa bora kuliko ule ambao Watson, akiwa na miaka 59, nusura ashinde mwaka 2009. Shimo jipya la 9, linalovuka ghuba ya mawe kuelekea mnara wa taa, ni miongoni mwa mashimo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye picha. Lakini Januari 2021, siku chache baada ya uvamizi wa bunge la Marekani, PGA ya Marekani iliiondoa PGA Championship ya 2022 kwenye uwanja wa Trump wa Bedminster na kuipeleka Southern Hills, Oklahoma, na R&A ikasema haitapeleka mashindano Turnberry mpaka iridhike kwamba macho ya watu yatakuwa kwenye mchezo. Siku hizi wasimamizi huzungumzia zaidi barabara, reli na malazi ya eneo lile, mambo ambayo ni kweli yana upungufu, na ambayo pia ni rahisi kuyataja kuliko jina la mwenye mali.

Anayedhani ukubwa wa umati haukwepeki aangalie Merion, karibu na Philadelphia, mwaka 2013. Uwanja ni mdogo mno kwa mashindano ya sasa, lakini US Open ilipelekwa pale, tiketi zikawekewa kikomo cha takribani watu 25,000 kwa siku, mahema yakasimikwa katika nyua za majirani, na wachezaji wakafanyia mazoezi uwanja mwingine na kuletwa kwa magari. Waandaaji walikubali kupata kidogo ili mchezo uchezwe mahali panapostahili, na Justin Rose akashinda kwa jumla iliyozidi kiwango cha uwanja kwa mkwaju mmoja.

Sasa R&A inaichunguza Portmarnock, kaskazini mwa Dublin, na ikichaguliwa The Open itatoka nje ya Ufalme wa Muungano kwa mara ya kwanza. Klabu ilipiga kura kuwapokea wanawake mwaka 2021. Uwanja upo kwenye ulimi wa ardhi uliozungukwa na maji pande tatu, kwa hiyo kazi ngumu itakuwa kuwaingiza na kuwatoa watu, lakini uwanja wa ndege uko karibu na Dublin ina vitanda tele. Nikitakiwa kubashiri, nasema itachaguliwa, na kabla ya mpira wa kwanza kupigwa zitakuwa zimeshafanyika kazi za barabara ambazo wakazi wa pale wamekuwa wakizidai kwa halmashauri bila mashindano yoyote.